Tezi dume na swali la nane

Mwanamume mwenye tezi dume iliyokua akifika kliniki, huelezwa njia tatu: kusubiri huku akiangaliwa, kumeza dawa, au kufanyiwa upasuaji. Ipo ya nne ambayo haitajwi, na wazee wengi wa kwetu ndiyo wanayoishi nayo. Ni mpira wa mkojo. Hakuna aliyeuchagua. Walifikishwa hospitali usiku mkojo umefunga, tumbo la chini limejaa kama ngoma, wakawekewa mpira, wakapata nafuu palepale, wakaambiwa warudi baada ya wiki mbili. Wiki mbili zikawa miezi, na kwa wengine miezi ikawa miaka.

Baba mdogo wangu alikaa nao miezi 11. Ni mkulima wa kahawa wa kwetu Kilimanjaro, mtu aliyezoea kuongoza vikao vya ukoo. Katika miezi hiyo alikaa benchi la mwisho kanisani, karibu na mlango, mfuko wa mkojo ameutia ndani ya mkoba wa kitambaa alioshonewa na mama mdogo. Kwenye misiba alisimama mbali, upande ambao upepo hauelekei kwa watu. Ninamtaja kwa ridhaa yake, na kwa sababu moja: kabla ya usiku ule aliokimbizwa hospitali alikuwa ameishi na dalili kwa miaka minne, na katika miaka hiyo yote njia tatu za mwanzo zilikuwa wazi mbele yake. Nataka tuzipime kama ambavyo zingepimwa alipokuwa bado na nafasi ya kuchagua.

Tuanze na jina. Kwetu mtu akisema "fulani ana tezi dume" sauti hushuka, kana kwamba ametamka saratani. Kila mwanamume ana tezi dume, kama kila mtu alivyo na ini. Ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu, kimeuzunguka mrija wa mkojo kama pete inavyozunguka kidole, na kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji ya manii. Ya kijana ina gramu kama 20. Umri ukisogea, sehemu ya ndani inayougusa mrija huanza kukua. Kwa wanaume wa miaka ya hamsini, karibu nusu huwa na ukuaji huo ukitazamwa kwa hadubini; kwa waliovuka 80 ni karibu wote. Ukuaji huu si saratani wala haugeuki kuwa saratani, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi ni kwamba ukubwa wa tezi na ukali wa dalili havifuatani sana. Mzee mmoja anatoka ultrasaundi na karatasi iliyoandikwa gramu 70, na analala usiku kucha. Mwingine ana gramu 35 na anaamka mara tano. Kwa hiyo karatasi ile ya ultrasaundi, ambayo familia huizungusha mkono kwa mkono kwa hofu, peke yake haiamui lolote. Husaidia kuchagua aina ya dawa au aina ya upasuaji. Kama kuna haja ya kutibu, hilo linaamuliwa kwingine.

Linaamuliwa kwa maswali. Mwaka 1992 chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani kilitoa maswali saba ambayo leo yanatumika duniani kote. Unajisikia mkojo umebaki baada ya kumaliza? Unarudi chooni kabla ya saa mbili kupita? Mkojo unakatika na kuanza tena? Unashindwa kuuzuia ukikubana? Unatoka kwa nguvu ndogo? Unalazimika kujikamua ili uanze? Usiku unaamka mara ngapi? Kila jibu lina alama 0 hadi 5, jumla 35. Kuanzia 0 hadi 7 dalili ni nyepesi, 8 hadi 19 ni za wastani, 20 na kuendelea ni kali.

Kisha kuna swali la nane, na alama zake hazijumlishwi na zile nyingine: kama ungetakiwa kuishi maisha yako yote yaliyobaki mkojo ukiwa hivi ulivyo sasa, ungejisikiaje? Maswali saba humsaidia daktari kuujua ugonjwa. La nane humsaidia kumjua mgonjwa, na kwangu mimi ndilo linalopaswa kuongoza uamuzi wote pale ambapo figo na kibofu havijaanza kuharibika. Wawili wenye alama 14 wanaweza kulijibu tofauti kabisa. Mmoja ni mstaafu, choo kiko hatua tano kutoka kitandani, anasema hana neno. Mwingine anafundisha darasa la watoto 80 na hawezi kutoka kila baada ya dakika 40.

Mtafiti wa Marekani John Wennberg alitumia miaka mingi kuonyesha kinachotokea swali hili lisipoulizwa. Alikuta kwamba katika jimbo la Iowa uwezekano wa mwanamume aliyefikia miaka 85 kuwa amekwisha kufanyiwa upasuaji wa tezi dume ulikuwa asilimia 15 katika maeneo ya hospitali fulani, na zaidi ya asilimia 60 katika mengine. Wanaume ni walewale na ugonjwa ni uleule. Kilichotofautiana ni imani ya madaktari wa kila eneo. Huko tatizo lilikuwa kisu kutembea upesi kuliko matakwa ya mgonjwa. Kwetu tatizo limegeuka upande wa pili: mgonjwa anachelewa mno kufika, na akifika ugonjwa umekwisha kuamua kwa niaba yake. Pande zote mbili mtu hakuulizwa.

Kusubiri ni njia halali, na ninalisema hili kwa sababu wapo wanaoanzishiwa dawa siku ya kwanza kwa alama tano tu. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti wa hospitali za maveterani wa Marekani uliochukua wanaume 556 wenye dalili za wastani, nusu wakafanyiwa upasuaji, nusu wakasubiri wakiangaliwa. Baada ya miaka mitatu waliofanyiwa upasuaji walikuwa wamefaidika zaidi, hasa wale ambao dalili ziliwasumbua sana tangu mwanzo. Lakini katika kundi la kusubiri ni karibu robo tu ndio waliolazimika kuhamia kwenye upasuaji. Wengine waliishi.

Kusubiri kwa maana hii kuna kazi yake. Unapunguza vinywaji kuanzia jioni, na chai ya saa tatu usiku ndiyo ya kwanza kuondoka, kwa sababu chai na kahawa huchochea kibofu. Pombe vilevile. Ukimaliza kukojoa unasubiri kidogo, unajaribu tena. Unatibu choo kigumu, maana utumbo uliojaa hukandamiza njia ya mkojo. Dawa ya presha inayoongeza mkojo unamwomba daktari aipange asubuhi. Na unazijua dawa za hatari. Piriton na ndugu zake za mzio, pamoja na vidonge vingi vya mafua vyenye dawa ya kuzibua pua, hulegeza msuli wa kibofu au hukaza mlango wake. Kwa kijana hazina shida. Kwa mzee mwenye tezi kubwa zinaweza kufunga mkojo usiku uleule. Baba mdogo alikuwa na mafua. Alinunua vidonge dukani, akameza viwili, akaongeza viwili wakati wa kulala, na saa tisa usiku tukaitwa.

Tena kusubiri kunaanza baada ya kupimwa, kwa kuwa si kila mkojo wa shida unatoka kwenye tezi. Kisukari humwamsha mtu usiku. Kisonono cha ujanani huacha kovu linalobana mrija, na kovu hilo halijui dawa ya tezi. Kichocho, kwa watu waliokulia kando ya ziwa na mabwawa ya mpunga, huharibu kibofu. Damu kwenye mkojo ina orodha yake ndefu, saratani ya kibofu ikiwemo. Hivyo mkojo upimwe, sukari ipimwe, figo zipimwe, mkojo unaobaki baada ya haja upimwe, na kipimo cha kidole, kinachopitia njia ya haja kubwa, kifanyike. Kipimo hiki ndicho kinachowakimbiza wanaume wetu kuliko sindano. Hakichukui hata dakika moja. Daktari anahisi ukubwa, ulaini, au kama kuna uvimbe mgumu wa kutilia shaka. Kipimo cha damu cha PSA, kinachopima protini inayotolewa na tezi dume na hutumika kutafuta dalili za saratani, kina thamani yake, lakini hupanda kwa tezi iliyokua, kwa maambukizi na hata kwa kuwekewa mpira, kwa hiyo namba iliyopanda haimaanishi saratani moja kwa moja, wala namba nzuri haifuti haja ya kidole.

Sasa dawa. Zipo familia mbili kubwa na watu huzichanganya.

Ya kwanza hulegeza misuli ya shingo ya kibofu na ya tezi yenyewe: tamsulosini, alfuzosini, doksazosini. Haipunguzi tezi hata gramu moja, inafungua mlango tu. Uzuri wake ni kwamba mtu huona tofauti ndani ya siku chache hadi wiki chache. Ubaya wake ni kizunguzungu ukisimama ghafla, zaidi kwa anayemeza dawa za presha, na manii kutoka machache au kutotoka. Mzee anayetarajia kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho lazima amwambie daktari wa macho kwamba anameza tamsulosini au amewahi kuimeza, kwa sababu hulegeza mboni na kumletea mpasuaji matatizo asipojiandaa. Hili kwa nilivyoona halisemwi dukani.

Familia ya pili ina historia ninayoipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti walikwenda kijiji cha Salinas, Jamhuri ya Dominika, walikokuta watoto waliozaliwa wakionekana wasichana na kufikia balehe wakageuka wavulana. Miili yao ilikosa kimeng'enya kinachogeuza homoni ya kiume kuwa aina yake yenye nguvu zaidi. Walipokua wanaume kamili, tezi dume zao zilibaki ndogo. Kutokana na uchunguzi huo, uliochapishwa mwaka 1974, likazaliwa wazo: kizuie kimeng'enya hicho kwa mzee, tezi itanywea. Ndiyo finasteridi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992, na baadaye dutasteridi. Hupunguza tezi kwa kiasi cha robo hivi, lakini polepole. Miezi sita ni muda wa kawaida kabla ya kuona manufaa. Ina maana kwa tezi kubwa, si kwa ndogo. Wachache hupungukiwa hamu ya tendo au nguvu za kiume. Mama mjamzito asishike vidonge vilivyovunjika, kwa sababu vinaweza kudhuru mtoto wa kiume tumboni. Na hushusha PSA kwa karibu nusu, hivyo daktari asiyejua kwamba unaimeza anaweza kuona namba ndogo akaridhika wakati saratani inakua. Aliyetumia miezi sita au zaidi, namba yake izidishwe mara mbili.

Je, uzimeze zote mbili? Hapa tuna ushahidi mzuri. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuata wanaume 3,047. Katika miaka minne, kati ya kila 100 waliopewa vidonge visivyo na dawa, hali ilizidi kuwa mbaya kwa 17. Waliomeza doksazosini peke yake walikuwa 10, finasteridi peke yake 10, na waliomeza zote mbili 5. Msomaji azitazame namba hizo kwa macho yote mawili. Dawa mbili kwa pamoja zinakinga kweli. Na bado, bila dawa yoyote, 83 kati ya 100 hawakuharibikiwa katika miaka minne hiyo. Mwenye tezi kubwa na dalili nyingi ana sababu ya kuzimeza zote. Mwenye tezi ndogo anaweza kuwa anabeba madhara mawili kwa faida ya moja.

Na kuna hesabu ya fedha ambayo daktari aghalabu hamfanyii mgonjwa. Dawa hizi humezwa kila siku kwa miaka. Chukua bei ya kidonge kimoja katika duka la dawa la mtaani kwako, uzidishe kwa 365, kisha kwa kumi. Wastaafu niliofanya nao hesabu hii walinyamaza. Sisemi hivyo kumvunja mtu moyo. Dawa inayomezwa wiki mbili na kuachwa wiki tatu kwa kukosa fedha haitibu, na mtu mwenye kipato cha namna hiyo anastahili kuambiwa mapema kwamba upasuaji wa mara moja unaweza kumgharimu kidogo kuliko vidonge vya miaka kumi. Auwekee akiba kama anavyoweka ya ada za wajukuu.

Niseme neno kuhusu tadalafili ya miligramu 5 kila siku, kwa sababu wanaume huiulizia kwa kunong'ona. Inapunguza dalili za mkojo na inasaidia nguvu za kiume pia. Mwenye dawa za moyo za aina ya naitreti asiiguse kabisa. Zikikutana presha hushuka vibaya.

Sasa mti wetu. Katika misitu ya milimani, kuanzia Kamerun hadi Kilimanjaro na Mlima Kenya, huota mti ambao Wachaga huuita mkondekonde, Wakikuyu muiri na Wakalenjin tenduet. Wataalamu huuita Prunus africana. Magome yake yamesafirishwa Ulaya kwa zaidi ya miaka 50 kutengenezewa dawa ya tezi dume, na Ufaransa ndiyo iliyoanza. Uliombwa magome mengi hadi ukaanza kutoweka, na tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaolinda mimea na wanyama walio hatarini kutoweka. Mwuza dawa za asili anaposema mkondekonde unasaidia tezi, haongei ndoto.

Lakini tuangalie kilichopimwa. Mapitio ya majaribio 18 yenye wanaume 1,562, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalikuta kwamba waliomeza dawa ya magome hayo walipata nafuu ya wastani: kuamka usiku kulipungua kwa karibu asilimia 19, na kasi ya mkojo ikaongezeka kwa asilimia 23. Majaribio yenyewe yalikuwa mafupi, kwa wastani miezi miwili, na hayakuonyesha kama dawa hiyo inazuia mkojo kufunga au kumwepusha mtu na upasuaji miaka ijayo. Tena kilichopimwa ni dondoo la kiwandani lenye kipimo kinachojulikana, kwa kawaida miligramu 100 kwa siku. Sufuria ya magome yaliyochemshwa nyumbani ni kitu kingine, na unga wa kwenye chupa isiyo na anwani ni kitu cha tatu. Mwenzake wa Marekani, mmea wa jamii ya mitende uitwao saw palmetto, alipata bahati mbaya zaidi: jaribio la mwaka 2006 la wanaume 225, na jingine la 2011 lililoongeza dozi hadi mara tatu, yote mawili hayakuona tofauti kati yake na kidonge kitupu.

Baba mdogo alikunywa mkondekonde. Babu yangu aliunywa kabla yake. Siwezi kuudharau mti ambao wazee walioishi chini ya msitu waliutambua kabla ya viwanda vya Paris. Ninachokilalamikia ni kwamba miaka minne ya kunywa ilikuwa pia miaka minne ya kutopimwa, kwa sababu alipojisikia nafuu kidogo alidhani amepona. Mtu anayetaka kuutumia na apimwe kwanza, apimwe tena kila mwaka, na amweleze daktari anachokunywa bila woga. Na daktari asimcheke, maana akichekwa leo, kesho hatasema.

Turudi kwenye kibofu, kwa kuwa ndicho kinacholipa gharama ya kuchelewa. Kibofu ni msuli. Mlango ukibana, msuli hujikaza zaidi, ukuta wake ukawa mnene, na mtu akadhani anamudu. Baada ya miaka ya kusukuma dhidi ya mlango uliobana, msuli huchoka na kulegea, ukabaki na mkojo mwingi ndani bila hata kuuma. Shinikizo hilo hupanda hadi kwenye figo. Ipo ishara moja ya hali hii ambayo familia huificha kwa aibu: mzee kuanza kukojoa kitandani. Watoto husema ni uzee, wanamnunulia nailoni ya godoro. Mara nyingi hicho ni kibofu kilichojaa mno kinachofurika akiwa usingizini, na figo zinaweza kuwa zimeanza kuumia. Huyo apelekwe hospitali wiki hiyo hiyo.

Hapo ndipo swali la nane linapokwisha mamlaka. Figo zikiharibika kwa sababu ya kuziba, mkojo ukifunga tena na tena, mawe yakiota kibofuni, maambukizi yakijirudia, au damu isipokoma, upasuaji unakuwa ndiyo njia, na la kuulizwa ni lini tu.

Upasuaji unaojulikana zaidi hupitia kwenye njia ya mkojo yenyewe, bila kupasua tumbo, chini ya ganzi ya mgongo. Daktari hukwangua tezi kutoka ndani vipande vipande. Mgonjwa hukaa wodini siku chache, mpira ukatolewa baada ya siku moja hadi tatu. Ni mzuri kwa tezi za gramu 30 hadi 80. Zaidi ya hapo hufanyika upasuaji wa wazi wa tumbo la chini, kazi iliyopata umaarufu London mwaka 1901 kwa mikono ya Peter Freyer na ambayo hospitali zetu nyingi bado zinaifanya, au leza inayobandua tezi yote kwa ndani pale ilipo mashine na mtu anayejua kuitumia. Upasuaji wa wazi una kitanda kirefu zaidi na damu zaidi. Lakini nikiulizwa kati ya leza iliyo mbali na uwezo wangu na daktari aliyefanya upasuaji wa wazi mara mamia katika hospitali ya mkoa, nitakwenda kwa huyo wa pili bila kujilaumu. Mbinu mpya za mvuke, za vishikizo vya kuitanua njia na za kuziba mishipa ya damu ya tezi zina nafasi yake. Kwa wasomaji wengi wa makala hii bado ziko mbali.

Wanaume huuliza: nitabaki mwanamume? Jibu la kweli lina sehemu mbili. Nguvu za kusimamisha kwa wengi hubaki kama zilivyokuwa kabla. Manii, kwa wengi, na hapa nazungumzia theluthi mbili au zaidi, hayatoki tena nje. Hurudi kibofuni na kutoka na mkojo baadaye. Hayadhuru mwili, na raha ya tendo kwa walio wengi hubaki. Ila mwenye mke kijana na nia ya kupata mtoto lazima ayajue haya kabla ya kutia saini, wala si baada. Nimekutana na mtu aliyeyagundua peke yake nyumbani, akaamini amerogwa.

Na jingine: tezi haiondolewi yote. Ifikirie kama chungwa. Hutolewa nyama ya ndani, ganda likabaki. Saratani nyingi za tezi dume huanzia kwenye ganda hilo. Aliyefanyiwa upasuaji bado anahitaji kuangaliwa.

Sasa nirudi kwa mpira, nilikoanzia. Mkojo ukifunga ghafla mpira ni wa lazima, unaokoa. Kosa ni kumruhusu mtu aende nao nyumbani bila dawa na bila tarehe. Katika utafiti mmoja wagonjwa waliofungwa mkojo walianzishiwa alfuzosini huku mpira ukiwa ndani, kisha baada ya siku chache mpira ukatolewa kwa majaribio. Asilimia 62 waliweza kukojoa wenyewe, wakati waliopewa kidonge kitupu walikuwa asilimia 48. Yaani hata bila dawa karibu nusu waliweza. Nawafikiria wazee wote walioketi na mipira yao miezi na miezi ambao hakuna aliyewahi kuwajaribu hata mara moja.

Mimi na mama mdogo tuliketi siku moja tukatoa risiti kwenye kopo la maziwa tukazijumlisha. Mipira ya kubadilisha kila mwezi, mifuko, nauli, dawa za maambukizi mara mbili, kulazwa mara moja. Fedha iliyokwenda ilikuwa imezidi ile iliyotajwa kwa ajili ya upasuaji siku ya kwanza. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inasema mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Ningependa bima ya afya na vituo vinavyotekeleza sera hiyo viifanye hesabu ya kopo letu la maziwa, kwa mgonjwa mmoja tu, mwaka mmoja.

Aibu nayo ina bei. Januari 2024 Ikulu ya Buckingham ilitangaza kwamba Mfalme Charles anakwenda kutibiwa tezi dume iliyokua, na Waingereza kwa maelfu wakakimbilia kusoma kuhusu dalili zake. Mfalme mzima ametamka. Mzee wa ukoo wetu alishindwa kumwambia mdogo wake wa damu.

Hatimaye baba mdogo alifanyiwa upasuaji wa wazi. Kidonda kilipona vizuri. Kibofu hakikurudi chote. Bado anajaribu mara mbili kila aendapo haja, na bado anaamka mara mbili usiku. Lakini Pasaka hii aliketi benchi la tatu.

Kaka yangu ana miaka 57, anaendesha lori kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma. Mwaka jana alianza kusimamisha gari kila mara, mpaka utingo wake akauliza kuna nini. Nilimsindikiza hospitali. Alipata alama 16, tezi gramu 40, figo nzima. Daktari, binti ambaye angeweza kuwa mwanawe, alimwamkia, akamsomea maswali saba, kisha akaweka kalamu chini na kumsomea la nane. Kaka alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema: "Mwanangu, kuamka usiku naweza. Ila pale mlima Kitonga, nyuma kuna foleni ya malori na mkojo umenibana, hapo siwezi." Wakaanza na tamsulosini, kidonge kimoja usiku, na sharti kwamba wiki ya kwanza hatashika usukani mpaka ajue kama inampa kizunguzungu. Ana tarehe ya kurudi, ameiandika kwa kalamu nyeusi kwenye kalenda ya ndani ya lori.